Nani Alikikausha Kinamasi cha Deeping?

Msomaji akifungua vitabu vya zamani vya historia ya kusini mwa Lincolnshire, Uingereza, hakosi kukutana na Richard de Rulos. Huyu, tunaambiwa, alikuwa bwana wa Kinormani, mhudumu wa chumba cha Mfalme William Mshindi, mtu aliyependa kilimo na mifugo. Alifika Deeping akakuta maji na matope. Akajenga tuta kubwa kando ya mto Welland, akayafungia maji nje, akajenga nyumba na vibanda, akapima bustani na mashamba, na palipokuwa na madimbwi yasiyopitika pakawa mahali pa starehe. Ndivyo, kwa mujibu wa hadithi hii, vijiji vya Deeping vilivyozaliwa, na ndivyo kazi ya kukausha vinamasi vya Uingereza ilivyoanza, zaidi ya miaka 500 kabla Waholanzi hawajaitwa kuja kuonyesha ujuzi wao.

Hadithi ni tamu. Ubaya wake ni kwamba shahidi wake ni mmoja tu, na shahidi huyo ni kitabu cha kughushi. Tena waliokighushi walikuwa na ugomvi wa mpaka na watu wa Deeping wenyewe. Jambo hili si siri. Liliandikwa na kuchapishwa London mwaka 1862. Hata hivyo Rulos angali anatajwa kama baba wa nchi ile, na wengi wanaomtaja hawajasoma kilichoandikwa mwaka huo.

Kwanza tupajue mahali penyewe. Jina Deeping linabebwa na makazi matano. Market Deeping ndio mji wa soko. Mashariki yake, karibu kuungana nao, kuna Deeping St James. West Deeping iko upande wa juu wa mto, kuelekea Stamford. Deeping Gate iko ng'ambo ya kusini, na anayetoka Deeping St James hufika huko kwa kuvuka daraja la mawe lenye tarehe ya 1651. La tano, Deeping St Nicholas, limejitenga mbali kaskazini-mashariki, limejipanga kando ya barabara moja ndefu iendayo Spalding. Katikati ya vile vinne vya mtoni na hiki cha tano kuna Deeping Fen, kinamasi chenyewe, au tuseme kilichokuwa kinamasi: maelfu kwa maelfu ya ekari zilizo sawa kama jamvi, leo ni mashamba ya ngano, viazi na mboga, yamekatwa na mifereji iliyonyooka. Serikali za mitaa zimeligawa jina hili vipande vitatu. Market Deeping, Deeping St James na West Deeping ziko chini ya wilaya ya South Kesteven. Deeping St Nicholas iko South Holland. Deeping Gate iko chini ya Peterborough, na zamani haikuwa Lincolnshire kabisa, ilihesabiwa Northamptonshire.

Kwa nini jina moja liwe la wote hawa? Wataalamu wa majina ya mahali wanalirudisha kwenye neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kina, na wanakubaliana kuwa kilichoitwa hivyo kwanza ni pale chini, penye maji. Kinamasi ndicho kilichotangulia, vijiji vikachukua jina kwa kukaa pembeni yake na kuishi kwa mazao yake. Katika Domesday, ile sensa ya ardhi ya mwaka 1086, jina liko tayari, na limeshagawanyika kwa pande, mashariki na magharibi. Mahali palikuwa na watu, ardhi iliyolimwa na wenyewe. Rulos hayumo.

Ya kabla ya hapo nayapita haraka. Warumi walichimba Car Dyke, mfereji mrefu unaopita ukingoni mwa nchi hii, na wanaakiolojia wangali wanabishana ulikuwa wa usafiri au wa kuzuia maji. Mwaka 699 hivi mtawa Guthlac alikwenda kuishi peke yake Crowland, kisiwa cha udongo mgumu katikati ya matete, akafa 714. Juu ya kaburi lake ikaja kujengwa abasia tajiri. Kanisa la Market Deeping limewekwa chini ya jina lake. Inatosha. Crowland ndiyo tunayoihitaji, maana hapo ndipo kitabu kilipoandikwa.

Kitabu hicho kinajulikana kama Historia ya Crowland, na sehemu yake ya kwanza inajitangaza kuwa kazi ya Ingulf, aliyekuwa abati wa Crowland tangu miaka ya 1080 hadi alipofariki mwanzoni mwa karne ya 12. Ingulf kama mtu alikuwapo kweli. Ila huyu Ingulf wa kitabuni ana maisha ya ajabu. Anasema alisoma Oxford, akabobea katika Aristotle, wakati ambapo chuo cha Oxford kilikuwa hakijazaliwa wala maandishi hayo ya Aristotle hayajaanza kusomeshwa Uingereza. Anasema alikwenda kuhiji Yerusalemu, na njiani, Konstantinopoli, akamsalimu Mfalme Alexius. Safari hiyo anaiweka katika miaka ya 1060. Alexius alikalia kiti mwaka 1081. Halafu anatuambia kwamba moto wa mwaka 1091 uliteketeza hati za asili za abasia, zile za wafalme wa kale zilizoipa Crowland ardhi na vinamasi, lakini kwa bahati njema nakala zilikuwa zimehifadhiwa. Na nakala hizo anazitoa moja baada ya nyingine, ukurasa kwa ukurasa, na kila moja inataja mipaka kwa uangalifu mkubwa: kuanzia jiwe hili, kufuata mto ule, hadi msalaba fulani. Ukizisoma kwa mfululizo unasahau kama uko katika historia ya utawa. Unajiona umekaa katika baraza la ardhi.

Francis Palgrave alishaeleza mashaka yake mwaka 1826. Aliyekata mzizi ni Henry Thomas Riley. Na hapa pana kichekesho kidogo, kwani Riley ndiye aliyekuwa amekitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1854, ili wasomaji wa kawaida wakipate. Miaka minane baadaye, katika jarida la wanaakiolojia la London, akaandika makala ndefu akieleza kwamba kazi aliyoitafsiri ilikuwa ya uongo. Hakuishia kuhesabu makosa ya tarehe. Aliuliza swali ambalo wenzake hawakuwa wamelishughulikia vya kutosha: nani alikuwa na haja nayo, na lini? Akaonyesha kwamba hati zilizodaiwa kuwa za Mfalme Æthelbald na Mfalme Eadred zilipelekwa kwa Mfalme Richard II mwaka 1393 zikathibitishwa, na kwamba zilitumika tena katika mashauri ya mipaka yaliyofikia kilele mwaka 1415, wakati Richard Upton, aliyekuwa msaidizi wa abati kabla hajawa abati mwenyewe, alipokuwa akiitetea Crowland dhidi ya majirani wa upande wa Spalding. Kwa maoni ya Riley, kitabu kizima kilitungwa katika miaka hiyo hiyo, ili hati zipate hadithi ya kuzibeba.

Sasa rudi kwa Rulos ukiwa na miaka hiyo mkononi. Karne ya 14 ilikuwa ya matata makubwa kati ya Crowland na Deeping. Mpaka kati ya Holland na Kesteven, sehemu mbili za Lincolnshire, ulipita katikati ya kinamasi, na katikati ya kinamasi hakuna anayeona mstari. Ng'ombe hawaujui, mikunga hawaujui, na mkata matete hufuata matete. Watu wa Deeping walikuwa na bwana mzito mgongoni, kwani milki ya Deeping ilikuwa imeiangukia familia ya Wake, na kupitia kwa Joan wa Kent, mrithi wao, ikaenda kwa akina Holland, mabwana wa Kent wenye damu moja na mfalme. Mwandishi wa sehemu ya pili ya Historia ya Crowland, ambayo ni ya kweli, anawalalamikia watu wa Deeping kwa uchungu, kwamba wanavuka na kuingia katika kinamasi ambacho abasia ilikiita chake. Kwake wao ni wavamizi. Kwao wenyewe, bila shaka, walikuwa wanakwenda walikokwenda babu zao.

Katika hali hiyo, abasia inahitaji nini? Inahitaji mtu wa zamani wa Deeping, mkubwa wao, aliyekiri kwamba kinamasi ni cha Crowland. Na huyo ndiye Rulos wa kitabuni. Katika hadithi, kabla hajajenga tuta lake, Rulos anakwenda kwanza kwa watawa, analipa marki 20 za fedha, na kwa malipo hayo anaruhusiwa kuzungushia sehemu ya kinamasi cha pamoja. Wasimuliaji wa baadaye walilipenda tuta na bustani, wakalipita hili la marki 20 kama jambo dogo la uhasibu. Mimi naona ndilo shabaha ya simulizi lote. Mtu hanunui kibali kwa asiye mwenye mali. Bwana wa Deeping akishanunua, basi amekubali nani mwenye mali, na wanaomfuata kwa karne tatu wamefungwa na ukubali wake. Hata mipaka ya kazi yake imetajwa kwa majina ya mahali: toka kanisa dogo la Mtakatifu Guthlac hadi Car Dyke, na kuendelea mbele. Yaani Deeping imepewa fungu lake na kuambiwa liishie pale. Bustani ya starehe ni sukari iliyowekwa juu ili dawa imezeke. Mwamba ngozi huvutia kwake, na hawa watawa waliivuta kwa nguvu.

Haki inataka niseme kwamba si kila mtaalamu anakubali kukitupa kitabu chote. Mwaka 1995 David Roffe aliandika katika jarida la historia la Uingereza akiomba Historia ya Crowland itazamwe upya. Hoja yake inastahili kusikilizwa: mwongo wa karne ya 15 hakutunga kila kitu kutoka hewani, alikuwa na maktaba mbele yake, na baadhi ya orodha za watu na mali zinaelekea kutoka kwenye kumbukumbu za kweli ambazo leo hazipo. Nakubali. Mghushi mwerevu hutia maji kwenye maziwa, hauzi maji matupu. Ila hoja hiyo inasaidia orodha, haisaidii simulizi. Kumbukumbu ya kale ingeweza kumpa mwandishi jina la Rulos; isingempa ile picha ya bwana mwema anayepima bustani.

Na jina, kweli, analo. Ukoo wa Rullos ulishika milki ya Bourne pamoja na Deeping, lakini katika siku za Henry I, mwanzoni mwa karne ya 12. Binti wa Richard de Rullos, Adelina, aliolewa na Baldwin FitzGilbert, na Baldwin ndiye aliyeanzisha abasia ya Bourne mwaka 1138 na nyumba ndogo ya watawa ya Deeping St James mwaka 1139. Hiyo ya Deeping hakuiweka chini ya Crowland. Aliiweka chini ya Thorney, abasia nyingine ya vinamasini. Watawa wa Crowland wangekuwa watu wa namna gani wasione uchungu? Jirani yao wa mlangoni ameletewa watawa wa nyumba nyingine. Huenda nalisoma jambo hili kwa jicho kali kupita kiasi, lakini sioni ajabu kwamba Crowland, ilipokuja kutunga zamani za Deeping, ilimruka Baldwin na kumpa sifa zote baba mkwe wake, tena ikamrudisha nyuma nusu karne hadi kwenye nyumba ya William Mshindi.

Vipi basi hadithi ikaishi? Kwa sababu kila zama ilimkuta mtu mwenye haja nayo. Henry Savile alikichapisha kitabu cha Ingulf mwaka 1596 kama chanzo halali. William Camden, mwanajiografia mkuu wa siku zake, alimtaja Ingulf alipofika Deeping katika maelezo yake ya nchi, na akaongeza jambo aliloliona la ajabu zaidi, kwamba kinamasi kiko chini kuliko mto Glen unaopita juu yake katikati ya matuta yake. Hilo la Camden ni la kweli na mpaka leo linamshangaza mgeni: unasimama shambani na mto uko juu ya kichwa chako, nyuma ya ukuta wa nyasi.

Akaja William Dugdale. Mwaka 1662 alitoa kitabu kikubwa juu ya historia ya kujenga matuta na kukausha vinamasi, na aliyemwomba akiandike ni Lord Gorges, ofisa wa juu wa kampuni iliyokuwa ikikausha vinamasi vya kusini. Dugdale alikuwa msomi wa kweli, mchapakazi, lakini aliandika akiwa na mteja. Mteja alitaka ionekane kwamba kukausha ni kazi ya kale na ya heshima, iliyofanywa na mabwana wakubwa tangu zamani, na kwamba wanaoipinga wanapinga desturi ya nchi. Kwa hoja hiyo Rulos alikuwa johari. Miaka mitatu hivi baadaye Bunge likapitisha sheria ya kukausha Deeping Fen, ikiwapa wawekezaji sehemu kubwa ya kinamasi kama ujira wa kazi yao. Wao hawakujiita wawekezaji. Walijiita watu wa kubahatisha, maana waliweka fedha zao hatarini. Nao waliokuwa na ng'ombe na mabata bukini katika ardhi ile? Hatari yao haikupewa jina la kupendeza kama hilo.

Mwisho kabisa mwanariwaya Charles Kingsley, mwaka 1866, akaifunga riwaya yake Hereward the Wake kwa sura inayoeleza jinsi Deeping Fen ilivyokaushwa, na shujaa wa sura hiyo ni Rulos. Riley alikuwa ameshachapisha miaka minne kabla. Kingsley alikuwa profesa wa historia Cambridge wakati huo. Sina subira na jambo hilo. Mwanariwaya ana ruhusa ya kubuni, lakini profesa akibuni juu ya hati ya kughushi iliyokwisha kutangazwa, wasomaji wake wataibeba kama kweli, na ndivyo ilivyokuwa. Hata W. H. Wheeler, mhandisi wa Boston aliyeandika historia nzuri kuliko zote ya vinamasi vya kusini mwa Lincolnshire, anaanza habari za Deeping na Rulos bila kukunja uso.

Ukweli wa ukaushaji ni mrefu zaidi na hauna bwana mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 17 Thomas Lovell alijaribu, akapoteza mali yake. Katika miaka ya 1630 wakaja wengine, akiwamo Philibert Vernatti, Mholanzi, ambaye jina lake limebaki kwenye mfereji mkuu unaoitwa Vernatt's Drain. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikavunja kazi ile. Baada ya sheria ya miaka ya 1660 kazi ikarudi, ikavunjika, ikarudi.

Januari 1699 watu zaidi ya elfu moja walikusanyika Deeping kwa tangazo la mechi ya kandanda. Kandanda ya siku hizo haikuwa na mistari wala idadi ya wachezaji. Kijiji kilicheza na kijiji, na uwanja ulikuwa nchi nzima. Kwa hiyo halikuwa jambo la kutiliwa shaka kuona umati mkubwa ukielekea kinamasini na zana mabegani. Walipofika, mpira ulisahauliwa. Wakashika matuta, wakabomoa mifereji na mitambo ya kutolea maji, wakarudisha kinamasi kwa kadiri walivyoweza. Serikali iliandika habari hizo kwa hofu, na ni kwa maandishi ya serikali tunazijua, maana waliofanya hawakuacha kitabu. Kwangu mimi hilo ndilo tukio kubwa katika historia ya jina hili. Ni siku pekee tunapowaona watu wa kinamasi kwa wingi wao, wakitenda jambo lao wenyewe, na vitabu vingi vinalitaja kwa sentensi moja, tena chini ya kichwa cha michezo.

Karne ya 18 naipa aya moja. John Perry, nahodha aliyewahi kumfanyia kazi Petro Mkuu huko Urusi na aliyeziba ufa mashuhuri wa mto Thames pale Dagenham, aliletwa kukiokoa kinamasi, akafariki Spalding mwanzoni mwa miaka ya 1730 kabla hajaona mwisho wake. Sheria nyingine ikapita 1738, na akina Grundy, baba na mwana, wakaendelea. Vinu vya upepo vilisukuma maji pale upepo ulipotaka. Shida ilikuwa moja siku zote: udongo mweusi wa vinamasi, uliojengwa na mimea iliyooza majini, ukiukausha unasinyaa na kushuka. Kadiri walivyofanikiwa, ndivyo ardhi ilivyozama chini ya mifereji yake.

Kisha ikaja 1801, na sheria iliyomaliza kinamasi cha pamoja. Malisho yaliyokuwa ya vijiji vingi kwa ubia, si vya Deeping tu bali Langtoft, Baston, Spalding, Pinchbeck na wengine, yaligawanywa vipande vyenye wenyewe. Ng'ambo ya mto sheria nyingine, ya 1809, ilifanya hivyo hivyo, na katika kichwa chake Deeping Gate imetajwa pamoja na Maxey, Northborough, Glinton, Peakirk, Etton na Helpston. Helpston ndiko alikozaliwa John Clare mwaka 1793, mtoto wa kibarua, aliyekuja kuandika mashairi makali kuliko ya mtu yeyote juu ya ardhi ya pamoja kuzungushiwa ua. Daftari lake la kwanza la kunakili mashairi alilinunua kwa Henson, muuza vitabu wa Market Deeping, na Henson huyo ndiye wa kwanza kuahidi kuyachapa, ingawa hakuyachapa yeye. Kwa hiyo Deeping ina sehemu yake katika fasihi, na hiyo haina haja ya Rulos.

Deeping St James kuna mnara mfupi wa mawe njiani, ambao zamani ulikuwa msalaba wa soko. Mwaka 1819 uligeuzwa kuwa mahabusu: mlango mdogo, chumba kimoja cha mviringo, na viti vitatu vya mawe vilivyochongwa ukutani kwa ajili ya watakaofungiwa humo. Ukilala usiku mmoja katika chumba hicho hutaamka na maoni mazuri juu ya maendeleo ya zama zile.

Maji yenyewe yalishindwa mwishowe na mvuke. Pode Hole, karibu na Spalding, mifereji yote inapokutana, zilisimikwa katika miaka ya 1820 injini mbili za mvuke zilizozungusha magurudumu makubwa ya kuchotea maji na kuyamwaga Vernatt's Drain. Moja ilikuwa na nguvu za farasi 80, nyingine 60. Zilifanya kazi kwa takriban karne moja. Walizipa majina: Holland na Kesteven, zile sehemu mbili zilizokuwa zimegombania mpaka katikati ya matope kwa vizazi. Ni baada ya injini hizo ndipo kinamasi kilipoweza kuwa na kijiji. Kanisa la Mtakatifu Nicholas lilijengwa 1845 na 1846 katika eneo ambalo hadi hapo halikuwa chini ya parokia yoyote, na hivyo Deeping ya tano, changa kuliko zote, ndiyo pekee iliyokaa juu ya kile kilichowapa nyingine jina.

Karne ya 20 imenipita, na wenzangu watanilaumu. Ile gharika ya Machi 1947, tuta la Welland lilipopasuka karibu na Crowland, inadai makala yake.

Richard de Rullos alikuwapo, na nafasi yake ni katika orodha ya mabwana wa Bourne na Deeping, kabla ya mkwewe Baldwin. Katika sura ya ukaushaji hana nafasi mpaka apatikane shahidi mwingine asiyetoka Crowland. Wanaoandaa vijitabu vya wageni wa Deeping, nawaomba wasome makala ya Riley ya 1862 kabla ya kumchapa tena na tuta lake, na ukurasa watakaouokoa wawape wale wachezaji wa kandanda wa Januari 1699.